Baba hataki paka, mama hataki, nyanya ndiyo kabisa: nifanyeje?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Nina miaka 13, niko P.7, darasa la saba la msingi, naishi Oli hapa Arua. Paka wa jirani amezaa watoto wanne, sasa wana wiki tatu, na ameniahidi mmoja. Mama, ambaye anauza maharagwe na mihogo mikavu sokoni, anasema manyoya ya paka humfanya msichana asizae, na tena mdogo wangu wa miaka mitatu ana pumu. Baba ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani. Anasema paka atachafua nguo za watu na kesho kutwa nyumba itajaa vipaka. Nyanya anasema paka ni wa wachawi. Nina mdogo mwingine wa miaka tisa, yeye yuko upande wangu. Nimelia, nimegoma kula, haikusaidia. Niwaambie nini?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Kwanza kula. Mzazi akiona mtoto anasukuma sahani kwa ajili ya paka, anachokiona ni mtoto ambaye bado mdogo, na mtoto mdogo hakabidhiwi kiumbe akitunze. Umewaongezea hoja bure.

Usione haya sana, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Nilikulia kambi ya polisi, kwenye zile nyumba za bati tulizoziita "mama ingia pole". Chumba kimoja, pazia katikati. Nilipokuwa na miaka 11 nilificha paka mchanga kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda. Alikaa siku nne. Usiku wa Jumapili alitoka, akapanda juu ya sare ya baba iliyokuwa imekunjwa tayari kwa gwaride la Jumatatu, akakojoa. Baba alivaa alfajiri gizani, hakugundua kitu. Lakini mkojo wa paka ukipata jua huamka, na gwaride lilikuwa la saa mbili nzima. Alirudi mchana, akasimama mlangoni, akauliza neno moja tu: "Wapi?" Paka aliondoka siku hiyo hiyo, na kwa miaka miwili jina lake halikutajwa nyumbani kwetu.

Halafu panya wakatafuna cheti cha baba cha mafunzo ya polisi, pembe nzima, pamoja na muhuri. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe na paka ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kamba. Mimi sikuwa nimesema lolote. Yule wa kwanza alikuwa paka wangu, huyu wa pili alikuwa paka wa baba, na aliishi kwetu hadi nilipokwenda chuo.

Kwa hiyo nisikupe maneno ya kuombea. Umeshaomba vya kutosha. Tuzitazame hizo hapana moja moja, kwa sababu kila moja ina mwenyewe na ina dawa yake. Katika barua yako nimehesabu tano. Ya sita hukuiandika, nitaitaja.

Mama ana mambo mawili, na uzito wake si sawa. La utasa nimelisikia Jinja, nimelisikia Kampala, nalisikia hapa Arua kila mwezi, na kila mara msimulizi amelipata kwa mtu anayemjua mtu. Manyoya ya paka hayamzuii mwanamke kupata mimba. Lakini usimwambie mama kwamba ni upuuzi, maana chini yake kuna jambo la kweli lililopinda njiani. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma. Paka hukipata akila panya au nyama mbichi, kisha kwa wiki moja hadi tatu hutoa mayai yake kwenye kinyesi, na kwa kawaida hutokea hivyo mara moja tu maishani mwake. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na matatizo ya macho au ubongo. Sasa ona safari ya maneno: "mimba inaweza kutoka" ikawa "msichana hatazaa", na kinyesi kikawa manyoya.

Ambalo mama hakuambiwa ni hili. Mayai yale yakitoka tumboni mwa paka hayawezi kumwambukiza mtu papo hapo, yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Choo cha paka kikitolewa kila siku, mikono ikanawiwa kwa sabuni, hayapati nafasi. Na watu wengi wanaopata kijidudu hiki hukitoa kwenye nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani, na wengine hawajawahi kufuga paka. Mwenye mimba asiguse mchanga wa choo cha paka, basi. Kama mama anatarajia mtoto sasa hivi, mimi ningesubiri ajifungue. Si kwamba paka na mimba haviwezi kukaa nyumba moja. Ni kwamba mama mjamzito akisema hapana, muache apumzike.

Kwenye pumu niko upande wa mama. Watu hudhani tatizo ni nywele, kwa hiyo wanatafuta paka mwenye nywele fupi. Tatizo ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Anajilamba, mate yanakauka, yanageuka vumbi laini kuliko unga wa muhogo, linaelea hewani na kushika kwenye mapazia, magodoro na nguo. Ukimfukuza paka leo, vumbi hilo linaweza kubaki ndani ya nyumba miezi kadhaa. Ndiyo maana hamwezi kujaribu kwenu kwanza halafu mkaona. Jaribio lifanyike kwa jirani. Mama amuulize kwanza anayemtibu mtoto, kisha aende naye kwa jirani, dawa yake ikiwa mkononi, wakae nusu saa ndani anamolala paka. Warudi siku nyingine, na nyingine tena. Mtoto akianza kukohoa, kupumua kwa mluzi, kupiga chafya mfululizo au kujikuna macho, umeshapata jibu, na ni jibu la haki. Hapo usibishane. Mnunulie paka wa jirani mukene, wale dagaa wakavu, mtembelee kila jioni, badilisha nguo ukirudi nyumbani. Nimewaona watoto waliofuga paka wa jirani kwa namna hiyo miaka mingi.

Mtoto akitoka salama mara nne tano, si hakikisho la milele, lakini sasa una la kuzungumza. Na ahadi ya kwanza utakayoitoa ni kwamba paka hataingia chumba anacholala huyo mdogo, hata mvua inyeshe vipi.

Tuje kwa baba. Baba yako hajakosea hesabu hata kidogo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65, huzaa watoto watatu hadi watano, na kabla hajamaliza kuwanyonyesha anaweza kuwa ametafuta dume tena. Huko Ulaya baridi huwasaidia kidogo: mchana ukifupika paka jike hupoa hadi mwanga urudi, kwa sababu mwili wake unafuata urefu wa mchana. Hapa Arua tuko kama digrii tatu tu kaskazini ya ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili Januari, saa kumi na mbili Julai. Paka wetu hawana msimu wa kupumzika. Jike mmoja, mara tatu kwa mwaka, watoto wanne kila mara: baba yako anaona vipaka kumi na viwili juu ya vitambaa vya wateja, na anaona sawasawa.

Dawa yake ni kuchukua dume na kumhasi. Operesheni ya dume ni ndogo kuliko ya jike, kwa hiyo kwa kawaida bei pia huwa chini, na siku hiyo hiyo anarudi nyumbani. Dume asiyehasiwa ana tabia moja ambayo kwa fundi cherehani ni msiba: akikomaa, husimama, huinua mkia na kurusha mkojo ukutani, mlangoni, kwenye kitambaa cha kanzu ya mtu, kuweka alama ya eneo lake. Harufu yake haitoki kwa Omo. Akihasiwa mapema, akiwa na miezi minne hadi mitano, kabla hajajifunza mchezo huo, madume wengi hawauanzi kabisa. Pia hapigani sana na hazururi mbali. Nenda ofisi ya mifugo au kliniki yoyote ya wanyama hapa mjini, uliza bei ya kuhasi dume na bei ya chanjo, iandike kwenye karatasi. Baba akiona umeshauliza bei kabla hajakuuliza, atakutazama kwa jicho jingine.

Jirani akikuambia "huyu ni dume", hakikisha mwenyewe. Inua mkia taratibu. Kwa dume utaona vitundu viwili vilivyoachana, kama nukta mbili, na nafasi kati yao ambapo korodani zitakuja kutokeza. Kwa jike vimekaribiana sana, kile cha chini ni kama kistari kifupi cha wima. Linganisha wote wanne kwa pamoja, tofauti itajitokeza. Na akiwemo mwenye rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, muache: huyo karibu kila mara ni jike, rangi hizo zimefungwa kwenye urithi wa kike.

Kuhusu nguo za wateja, usiahidi kwamba paka hatapanda juu yake. Paka hupenda kitambaa kilichokunjwa kuliko kitanda chochote utakachomtengenezea. Ahidi sanduku. Sanduku la bati lenye mfuniko, la kuwekea kazi iliyokwisha na vitambaa vinavyosubiri. Muulize baba, kwa upole na wakati mzuri, ni mara ngapi panya wamemtobolea kitambaa cha mteja akalazimika kulipa. Sijui jibu lake, ila nawajua mafundi na nawajua panya wa Oli.

Nyanya nitampitia haraka. Usibishane naye habari za wachawi, hutashinda na si adabu. Kwa kuwa mko nyumba ya Kiislamu, yuko mtu wa kukusemea kuliko mimi: Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaokuzungukeni majumbani. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Qatada, na maalimu wako wa madrasa bila shaka anaijua. Muombe yeye amwambie nyanya, mkubwa kwa mkubwa. Na kati ya hao wanne usichague mweusi. Mweusi hana kosa lolote, lakini vita uliyonayo inatosha.

Sasa ile ya sita. Uko P.7. Umeniandikia mwishoni mwa Septemba, Novemba mnafanya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, na Februari mwanafunzi wa S.1, yaani kidato cha kwanza, mara nyingi huwa anabeba godoro kwenda bweni. Paka aliyetunzwa huishi miaka 12 hadi 15. Mama yako anapiga hesabu hiyo kila anapokusikia ukisema "nitamtunza mimi", ila hasemi, pengine kwa sababu mambo ya ada bado hayajakaa sawa. Anachosikia ni "nitakuletea paka wako, mama". Usiposema wewe kwanza, maneno mengine yote yatapita hewani.

Bahati ni kwamba tarehe zinakupendelea. Watoto wa paka wana wiki tatu. Wasiondolewe kwa mama yao kabla ya wiki nane, na mimi napenda tisa, kwa sababu ndipo mama anawaletea panya nusu-hai na kuwafundisha kazi. Wiki tisa inaangukia mapema Novemba, unapotoka kwenye mtihani. Utakuwa na karibu miezi mitatu nyumbani, kutwa nzima. Akifika wiki 12 mnampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwishoni mwa Januari ana karibu miezi mitano, mnamhasi, na wewe bado upo kuangalia kidonda. Muda wote huo mdogo wako wa miaka tisa anajifunza kwa kushika, si kwa kutazama: wiki mbili wewe unafanya yeye anaona, halafu yeye anafanya wewe unaona. Mwambie mama waziwazi kwamba Februari paka atakuwa wa mdogo wako. Itauma kulitamka. Ndiyo maana litaaminika.

Na mama ana sababu yake ya kumtaka paka, ila hajaletewa. Magunia ya maharagwe na mihogo mikavu ndani ya nyumba ni hoteli ya panya. Najua nyumba nyingi zenye magunia hutumia sumu, hasa ile ya vipakiti visivyo na maandishi inayouzwa kwa kutembezwa sokoni. Nyumba hiyo ina mtoto wa miaka mitatu anayeokota kila kitu. Zungumzia hilo kabla ya kuzungumzia paka. Na ujue kwamba ni kimoja kati ya viwili: paka anayekula panya aliyekula sumu naye hufa, nimewapokea wengi wakitoka damu puani au wakitetemeka, na wengi wao nilishindwa kuwaokoa. Siku paka anapoingia, sumu inatoka.

Kuna jambo la huku kwetu West Nile ambalo ni bora ulitaje mwenyewe kuliko baba alilete baadaye. Tauni si hadithi ya zamani huku, hasa nyanda za juu za Zombo na Arua kuelekea mpaka wa Kongo, ndiyo sababu Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ina maabara ya tauni hapa Arua. Ugonjwa huo hukaa kwa panya na husafirishwa na viroboto wao, na paka akila panya mgonjwa anaweza kuupata na hata kumpa mtu. Kwa hiyo: mkiona panya wanakufa ovyo na hakuna aliyeweka sumu, msiwaguse, mfungieni paka ndani, toeni taarifa kituo cha afya. Paka akipata homa na uvimbe chini ya taya, asikumbatiwe, aletwe kwa daktari ndani ya boksi. Viroboto vyake vishughulikiwe kwa dawa ya paka. Sio dawa ya kuogeshea ng'ombe, na sio ya mbwa. Nyingi ya hizo zinamuua paka, na hilo kosa naliona kuliko yote. La pili ni Panadol. Hata nusu kidonge kinaweza kumuua.

Chakula ni rahisi, ila watu hukosea upande mmoja. Paka hawezi kuishi kwa posho, yaani ugali, na mchuzi. Mwili wake unahitaji taurini, iliyomo kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu moyo hudhoofika na macho hupofuka. Mukene inafaa, lakini ile ya bei rahisi inayouzwa kwa ajili ya kuku imeanikwa mchangani. Iloweke, isuguesugue kwa vidole, mwaga, rudia mpaka maji ya tatu usisikie mchanga chini ya sufuria. Chemsha bila chumvi na bila kitunguu, changanya na posho kidogo tu. Matumbo ya kuku yaliyochemshwa pia. Maziwa si lazima, paka wengi wakubwa huyaharishia. Maji safi ndiyo lazima. Na usimkubali anayesema paka asilishwe ili awinde. Paka mwenye njaa huiba jikoni, aliyeshiba huwinda kwa raha yake.

Chanjo ya kichaa hurudiwa baada ya mwaka mmoja. Wiki hii ina Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, na mara nyingine kipindi hiki huwa na uchanjaji wa bure, kaulize ofisi ya mifugo utaratibu wa mwaka huu. Paka yeyote akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Mazungumzo yenyewe yafanye mara moja tu. Kabla yake, kwa wiki mbili, weka beseni kuukuu lenye mchanga mkavu nyuma ya nyumba, na kila asubuhi kabla ya shule litoe, limwage, lijaze. Bila paka. Mdogo wako afanye nawe. Watakucheka, nyanya atauliza kama una akili timamu. Usieleze sana, sema unajifunza. Halafu chagua jioni ambayo baba amelipwa na mama ameuza, uwe umeshaosha vyombo, uje na ile karatasi ya bei. Anza na pumu na matokeo ya kule kwa jirani, maliza na Februari. Ukimaliza, nyamaza. Wakisema watafikiri, sema asante, nenda kalale. Usiulize tena kwa siku saba.

Wakikubali, kamchukue kwa boksi lenye matundu, si gunia. Omba kwa jirani kipande cha nguo alicholalia na mama yake, kiweke ndani ya boksi hilo. Usiku wa kwanza na wa pili atalia, na sauti yake itakuwa kubwa kuliko yeye. Muweke jikoni, mbali na cherehani, beseni la mchanga pembeni, na wewe ulale na mkeka karibu na mlango wa jikoni ili ukimsikia uwahi kabla baba hajaamka.